Chai Ngapi Mpaka Unguja

Juzi nilikwenda Brooklyn Center, hapa hapa Minnesota, kununua iliki na unga wa dengu, kwenye duka lile la Waafrika ambalo mwenyewe hakuuzii kitu mpaka akuulize habari za nyumbani. Mbele yangu kwenye foleni alisimama mama mmoja na mfuko wa karatasi mkononi, ndani una mikate ya moto, na mfuko ule ulipofunguka kidogo ikanijia harufu ya ufuta uliookwa mpaka ukakaribia kuungua. Nikasahau kilichonipeleka. Mwenye duka akaniuliza, "Dada, ni hivi tu?" nikamjibu ndiyo, nikatoka na unga wa dengu peke yake.

Sisi tuliokuja nchi hii tukiwa wadogo, bila kuulizwa, wengi wetu tuna harufu moja ya namna hiyo. Rafiki yangu mmoja kwake ni sabuni ya kupigia deki ya shule yake ya kwanza. Mwingine ni moshi wa basi asubuhi ya theluji. Yangu ni ufuta, na mtu akisikia hivyo, kwa kuwa anajua nilikozaliwa, hudhani namkumbuka bibi na mkate wa ufuta wa kwetu. Kumbe ninachokumbuka ni mwanamke wa Kituruki, boti ya matembezi, na siku niliyodhani ninavuka dunia kwa kunywa chai.

Baba alikuwa amepata nafasi ya kusoma chuo kikuu, mambo ya udongo na mimea, na tulipokuwa tukijiandaa kuondoka Unguja tulikuwa watu watatu. Ubalozini visa ya Baba ikatoka, yangu ikatoka, ya Mama ikakataliwa. Akaambiwa ajaribu tena baadaye. Watu wazima wakakaa kikao, na nimekuja kuambiwa kwamba aliyeshinda kikao kile alikuwa Mama mwenyewe: mtoto aende, shule zinafunguliwa, yeye angefuata baada ya mwezi au miwili. Mimi nilivalishwa soksi, nikapandishwa boti ya Dar, na Mama akabaki gatini, mkono mmoja umeshika baibui lisipeperuke, mwingine unapunga.

Baada ya boti zilikuwapo ndege, tena si moja, lakini zote nililala. Kwa hiyo katika akili yangu ya mtoto wa darasa la kwanza, njia ya kwenda kwa Mama ilikuwa na kitu kimoja tu cha uhakika, nacho ni boti. Nilipandishwa boti Mama akiwa upande ule, nikazinduka niko Minnesota. Ukitaka kurudi kwa Mama basi utafute boti. Sikuwahi kumweleza mtu hesabu hiyo kwa sababu niliamini kila mtu anaijua.

Mwezi au miwili ikapita, ikaja baridi. Tulikaa kwenye nyumba za wanafunzi wenye familia, upande wa Saint Paul, vyumba viwili na jiko linalonuka gesi. Baba alimnunulia Mama koti. Alilipata dukani limepunguzwa bei, la rangi ya zambarau, refu, lina kola ya manyoya ya uongo, akalitundika kabatini na karatasi yake ya dukani ikining'inia kwenye mkono. "Mama yako akifika uwanja wa ndege hapa na baibui lake atagandia mlangoni," alisema, akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nikiingia kabatini, nafunga mlango, najifunika pindo la koti lile. Halikuwa na harufu ya Mama hata kidogo, lakini lilikuwa la kwake, na mle ndani hilo lilinitosha.

Jumapili Baba alikwangua kadi ya simu, akapiga kwa jirani yetu wa Unguja mwenye simu, tukasubiri Mama aitwe. Nilisikia kandambili zake zikija mbio kabla ya sauti yake.

"Mwanangu, hujambo? Umekula nini leo?"

"Rice," nilimjibu.

Upande wa pili kulikuwa na kicheko. "Wali," alisema taratibu. "Sema wali, mama." Nilijua vizuri kuwa ni wali. Ulimi ulikuwa umeshazoea shuleni, na mimi nilikuwa na hasira naye ambayo sikuijua jina. Kila simu ilimalizika kwa Baba kusema, "Anakuja, karibu anakuja," akiniambia mimi na huku akimwambia yeye.

Nyumba ya chini yetu walikaa Waturuki wawili, mume na mke, hawana mtoto. Mume alisomea uhandisi na nilimwona mara chache, kila mara akiwa na kitabu. Mke aliitwa Nurten. Baba alimwita dada Nurten, mimi yeye mwenyewe aliniambia nimwite Teyze, yaani mama mdogo kwa lugha yake, nami nikakubali upesi kwa kuwa sikuwa na mama mdogo mwingine bara hili. Baba alipokuwa darasani, au Jumamosi akiwa kwenye shifti kwenye nyumba ya wazee kule Golden Valley, nilikaa kwa Teyze. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga na changu vilevile. Tulielewana vizuri kuliko watu wanaokijua.

Chai yake haikuwa kama ya kwetu. Hakutia maziwa, hakutia tangawizi wala mdalasini. Alikuwa na mabirika mawili, dogo limekaa juu ya kubwa: la juu lina chai kali nyeusi, la chini maji yanayochemka, na alimimina ya juu kidogo kisha ya chini mpaka rangi imridhishe. Tulikunywa kwenye bilauri ndogo zenye kiuno, zisizo na mkono, kwa hiyo ilibidi uzishike ukingoni kwa vidole viwili na ujikaze. Sukari ilikuwa ya vipande. Mimi niliruhusiwa vitatu, na ya kwangu ilikuwa maji mengi kuliko chai.

Siku ya kwanza Baba alipokaribishwa nusura pawe na msiba. Mzanzibari aliyelelewa vizuri hakatai anachoandaliwa na mwenye nyumba, na Mturuki aliyelelewa vizuri haachi bilauri ya mgeni ikae tupu. Baba akamaliza, Teyze akajaza. Baba akashukuru, akamaliza, Teyze akajaza. Niliona kipaji cha uso wa Baba kikianza kumeta kwa jasho. Mwishowe yule mume aliinua macho kwenye kitabu, akamwonea huruma, akachukua kijiko cha Baba na kukilaza juu ya mdomo wa bilauri. "Hivi," alisema. "Usipofanya hivi hatoacha." Wakacheka sana wote watatu, Baba akapanda ngazi huku ameshika tumbo.

Mimi nilijifunza jambo kubwa zaidi. Tangu hapo nikawa nawatazama wageni wa Teyze. Vijiko vikiwa kwenye visahani, watu wanazungumza, wanacheka, karanga na mbegu za alizeti zinatafunwa. Mtu akilaza kijiko, mwingine naye atalaza, mara wanainuka, wanatafuta viatu, nyumba inakuwa kimya. Nikaelewa kwamba kijiko ndicho kinachomaliza mambo. Kisipolazwa, mambo hayaishi.

Teyze alikuwa mtu wa Istanbul na hakuwa na adabu ya kuficha kwamba Minnesota haimpendezi. Ziwa alisema halina chumvi, samaki hawana ladha, watu wanatabasamu lakini hawakuingii nyumbani. Alichokililia zaidi ni boti ya abiria ya mji wao, inayovusha watu asubuhi na jioni mkono wa bahari unaougawa mji.

"Naamka Asia," aliniambia siku moja, mikono imejaa unga. "Napanda boti. Kijana anapita na sinia, nachukua chai moja na simiti moja. Nikimaliza chai, niko Ulaya."

"Chai moja tu?"

"Chai moja. Siku ya upepo, mbili."

Simiti ndio huo mkate wake, mwembamba, wa duara, una tundu katikati na umejaa ufuta pande zote. Kwao unauzwa barabarani, muuzaji kaichomeka kwenye fimbo au kaibeba kichwani. Hapa Teyze aliioka mwenyewe.

Shuleni kulikuwa na tufe la dunia juu ya kabati la vitabu. Nilisubiri mwalimu ageuke, nikaweka kidole Asia na kingine Ulaya. Kumbe bara moja mpaka jingine ni chai moja. Nikaweka kidole kwenye nukta nyekundu aliyotubandikia mwalimu, ya Minnesota, nikakivuta juu ya rangi ya buluu mpaka Afrika. Nikapata chai nne, nikaongeza ya upepo. Sikushangaa kwamba watu wazima hawakuwa wamenieleza, maana kulikuwa na mengi hawakunieleza.

Mabomba ya kupasha nyumba joto yalizimwa, miti ikatoka majani, joto likaja, na Mama bado alikuwa karibu anakuja. Jioni moja Teyze akatangaza kwamba Jumamosi ataniondoa ndani. Kuna boti, alisema, pale Saint Paul mtoni, kwenye kisiwa. Kisiwa chenyewe, nimekuja kujua, kilishaunganishwa na nchi kavu na mtu anakiingia kwa miguu. Lakini mimi nilisikia boti, na nikasikia kisiwa, na sikuhitaji kusikia zaidi. Sikumuuliza chochote. Mambo mazuri ya watu wazima yalikuwa na tabia ya kuyeyuka ukiyauliza.

Jumamosi ile nilivaa gauni langu la Idi. Nilimwaga vitabu vyote vya begi la shule chini ya kitanda, nikatia mswaki, nikaingia kabatini nikatoa koti la Mama. Lilikuwa zito kuliko nilivyofikiri, na begi halikutaka kufunga mpaka nilipolikalia. Wazo langu lilikuwa limekamilika: Mama haji kwa sababu hajui njia, mimi naijua, nitakwenda kumchukua, na nikija naye atakuwa na koti. Baba akaninusa kichwani akielekea kazini. Nikamng'ang'ania shingoni.

"Haya, haya Saida," alisema akinibandua, "basi la Golden Valley halimngojei mtu."

Teyze alinipitia na kikapu. Mlikuwa na chupa mbili za kutunza joto, moja ya chai kali na moja ya maji, bilauri zimefungwa kwa taulo, na chungu nzima ya simiti amezichomeka kwenye mpini wa ufagio aliouosha. Akatazama begi langu. "Leo si shule."

"Vitu vyangu," nilisema. Akainua mabega, tukaenda kituoni.

Boti ilikuwa nyeupe, ya ghorofa, na nyuma ina gurudumu kubwa jekundu linalopiga maji. Nilikuwa naijua boti ya Dar, inayonuka mafuta na kutapisha watu, na hii niliona ni ya fahari, kama inavyostahili kwa safari ndefu. Tulikaa juu, upande wa kivuli. Gurudumu likaanza kugeuka, gati likasogea mbali, na moyo wangu ukapiga kwa namna ambayo mpaka leo nikiwa kwenye kitu chochote kinachoachana na ardhi huwa nausikia.

Teyze hapo ndipo nilipomwona alivyo. Kule nyumbani alikuwa mwanamke mnene mwenye kuguna. Boti ilipofika katikati ya mto alisimama, akaweka mpini wa ufagio begani, akapita katikati ya viti akinadi simiti kwa sauti ya wauzaji wa kwao, ndefu, ya kupanda na kushuka, watu wakageuka na soda zao mikononi. Hakuwa anauza. Alikuwa anagawa. Bibi mmoja wa kizungu, nywele nyeupe pe, alichukua moja akaishika kwa mbali akiuliza ni bisikuti au bangili. Alipouma, ufuta ukamwagika kifuani, akasema, "Jamani, ni tamu hasa," akamtuma mumewe aje achukue nyingine.

Kijana wa boti mwenye fulana ya mistari alikuja mbio. "Mama, samahani, chakula cha nje hakiruhusiwi."

"Kaa," Teyze alimwambia.

"Siwezi kukaa, niko kazini."

"Basi kunywa umesimama."

Akamtilia chai. Kijana akaitazama bilauri, akatazama huku na huku, akainywa kwa kuungua midomo, akasema yeye hajaona kitu. Baadaye alirudi mwenyewe.

Shakwe walikuja. Sikujua kwamba mto wa katikati ya bara una shakwe, lakini walikuwako, na Teyze alipowaona alipiga ukelele akakata simiti vipande akawarushia, nao wakadaka hewani. Alinipa na mimi nirushe. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, yote pamoja, na mimi nilidhani ni kwa sababu tumeshakaribia. Sijapata tena kuwa na furaha ya namna ile. Nilikuwa na mkate wa moto mkono mmoja na chai mkono wa pili, nakwenda kwa mama yangu.

Chai ya kwanza niliinywa chini ya madaraja ya mjini. Ya pili tulipopishana na matishali ya nafaka, marefu, yametulia, na juu ya moja mtu wa kofia nyekundu akatupungia. Majumba yakaisha, kukabaki miti tu pande zote mbili na maji ya rangi ya hudhurungi, na nikajisemea hii labda ndiyo Ulaya. Ya tatu niliinywa kwa haraka. Sauti kwenye kipaza sauti ilikuwa inaeleza mambo ya mto ambayo sikuyafuata. Kijiko changu nilikwisha kukitia mfukoni mwa gauni zamani, ili hata mtu akisahau asije akakilaza.

Kisha jua likahama. Lilikuwa mgongoni mwetu, likaja likanipiga usoni, na miti iliyokuwa upande wangu ikawa upande wa pili. Nilidhani tunakata kona. Tukapishana na tishali lile lile lenye mtu wa kofia nyekundu, naye akatupungia kama alivyotupungia mwanzo. Nikanyosha bilauri. Teyze akanitilia. Nikanywa, nikanyosha tena.

"Tumbo litapasuka, binti yangu."

"Bado," nilisema.

Tumbo lilikuwa linauma kweli. Chooni sikutaka kwenda, nisije nikapitwa na Unguja nikiwa ndani. Nikaliona daraja. Nikaliona daraja jingine, na nyuma yake jengo refu la mjini, na mimi nikanywa kwa pupa mpaka chai ikanishuka kidevuni, maana bado ilikuwa na nafasi ya kuwa mji mwingine wenye jengo kama lile. Teyze alitikisa chupa. Ilikuwa tupu.

Gati lilikuja, lile lile, na kijana wa fulana ya mistari akaruka na kamba. Watu wakaanza kushuka. Bibi wa nywele nyeupe alimbusu Teyze shavuni. Teyze akakusanya bilauri, akavihesabu vijiko, akainama chini ya kiti kutafuta kilichopungua.

"Simama nione kama umekikalia."

"Sisimami. Unguja bado."

Hakuelewa. Akanishika mkono aniinue, na nilipoinuka chai yote ile ikakumbuka njia yake. Ilinishuka miguuni, ikalowesha gauni la Idi, soksi na kiti. Nilisimama kwenye dimbwi langu nalia, na kijiko kikaniponyoka mfukoni kikaanguka.

Teyze hakunikaripia. Alifungua begi langu atafute nguo ya kunibadilisha, akavuta, akaendelea kuvuta, koti zima la zambarau likatoka. Alilishika mbele yake kwa mikono yote miwili. Aliitazama ile karatasi ya dukani kwenye mkono wa koti, akanitazama mimi.

"La nani?"

"La Mama. Atasikia baridi."

Wakati huo ndipo alipokaa. Boti ilikuwa tupu, kijana anasubiri na kamba yake. Teyze aliniuliza pole pole na mimi nikamweleza yote, chai nne na moja ya upepo, na kijiko, na kwamba bado kidogo tu kama angeongeza maji. Alisikiliza huku kajiziba mdomo kwa kiganja. Mwishowe akasema, "Hii boti haiendi popote, mwanangu. Inazunguka tu. Watu wanalipa izunguke." Alisema kama mtu aliyeshtuka mwenyewe kwa kulisikia.

Nguo kavu ilikuwa moja tu. Alinivua gauni, akanivika koti la Mama, akakunja mikono yake mara nyingi mpaka vidole vyangu vikaonekana. Tukapanda basi hivyo, kwenye joto la kiangazi, mimi nimevaa koti la baridi la mtu mzima linaloburura sakafuni, karatasi ya bei inanipigapiga mkononi. Watu wa Minnesota ni wapole, walitazama madirishani.

Baba alirudi jioni na sare yake ya kazi, akanikuta kwenye ngazi za Teyze ndani ya koti lile nimekataa kulivua. Teyze alizungumza naye mlangoni kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, mara nikasikia sauti imepanda: "Mwambie! Mtoto si mjinga, mwambie!" Baba akaja akakaa karibu yangu. Alinieleza kwamba Mama alirudi ubalozini na akakataliwa mara ya pili, tangu wakati wa baridi, na yeye hakuwa na ulimi wa kuniambia.

"Kwa hiyo si kwamba hataki?" nilimuuliza, kwa Kiswahili.

Baba alinivuta kwake. "Hataki? Nani kakwambia hataki? Mama yako angekuja kwa miguu."

Nilivua koti. Juma lililofuata Baba alianza kwenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, siku kwa siku, ambako hapo nyuma aliona haya kwenda kujililia. Ilichukua muda, lakini kiangazi kilichofuata visa ilitoka.

Kwa mtoto, mwaka ni umri mzima. Mwaka ule Teyze alinifundisha kuoka, alinisuka, alikaa nami kitandani nilipopata tetekuwanga. Tulipokwenda uwanja wa ndege kumpokea Mama, Baba alitangulia na maua, mimi nilikuwa nyuma nimeshika mkanda wa mkoba wa Teyze. Mlango ukafunguka, wakatoka watu, akatoka mwanamke mwembamba aliyevaa baibui, mfupi kuliko niliyekuwa namkumbuka. Akasimama. Baba akasema, "Saida, Mama huyo." Mimi nikaushika mkanda kwa mikono miwili.

Teyze aliniambia niende. Sikwenda. Akanibandua vidole, kimoja kimoja, kwa nguvu, mpaka nikaumia, akanigeuza, akanisukuma mgongoni. Hapo kumbukumbu yangu inakatika. Ninachojua ni kwamba nilipogeuka baadaye kumtafuta hakuwepo. Alikuwa amerudi nyumbani peke yake kwa basi, na siku zilizofuata hakupanda ngazi zetu, na nikigonga kwake alifungua mlango nusu, akanipa mkate, akasema, "Nenda kwa mama yako." Nilimnunia vibaya sana. Kabla baridi haijaja mume alimaliza masomo, wakarudi kwao, na mimi sikushuka kuwaaga. Nilikua nikiamini mambo mawili: kwamba Teyze alinichoka, na kwamba mama yangu alivuka dunia nzima akakuta mtoto asiyemtaka.

Juzi nilipotoka dukani bila iliki nilimkuta Mama mezani anachambua mchele. Anakaa na mimi siku hizi, macho yake ni mazuri kuliko yangu. Nikamwambia nimesikia harufu ya mikate ya Teyze. Hakunyanyua kichwa.

"Yule mwanamke," alisema. "Weye ulimpa mgongo, hukumwona. Mie ndo nilokuwa namtazama. Alivyokusukuma, uso wake, Saida, sijapata kuona. Nikasema, mie nimekuja kumnyang'anya mtu mtoto wake." Akatoa jiwe dogo kwenye sinia, akaliweka pembeni. "Nilitaka nigeuke, nirudi ndani ya ndege ile ile."

Nilimuuliza, mbona hukurudi.

"Ningerudije?" alisema Mama. "Ulikuwa umeshanishika baibui, mikono yote miwili. Mpaka likachanika."